Msomaji Mmoja wa Atuganile

"Mwandikia mwalimu, msomaji wake mmoja." Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Ipyana, aliyekuwa akitunga risala ya harusi kwa maneno mazito ili ampendeze mchungaji, nanyi mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Si methali ya kale. Ulizaliwa katika chuo kimoja cha kilimo huko Rungwe, na aliyeambiwa kwa mara ya kwanza ni msichana aitwaye Atuganile Mwakyoma.

Atuganile alikuwa mwaka wa pili. Alipenda kuwa wa kwanza, na mara nyingi alikuwa. Muhula ule mwalimu wa somo la mawasiliano, Madamu Sanga, aliingia darasani akatangaza kwamba insha za karatasi zimekwisha. Kila mwanafunzi angefungua blogu yake mtandaoni, aandike humo kila wiki, na maandishi hayo yangebeba alama arobaini katika mia. Darasa likaguna. Wengine walisema wamekuja kujifunza kulima, si kupiga soga mtandaoni.

Atuganile hakuguna. Siku hiyohiyo alifungua blogu, akaipa jina "Kilimo Endelevu kwa Maendeleo ya Taifa", akaandika kuhusu umuhimu wa kilimo cha kisasa. Alitoa maana, akataja faida saba, akahitimisha kwa "hivyo basi". Alipata nane katika kumi. Wiki ya pili aliandika changamoto za kilimo cha kisasa, akapata nane na nusu.

Lakini chini ya kila andiko palikuwa na tarakimu ya kuonyesha limesomwa na watu wangapi, na kwake tarakimu hiyo ilikuwa moja. Wiki ya kwanza moja, ya pili moja, hata ya tano moja. Akaona kuna kitu kimeharibika, akaenda ofisini kwa Madamu Sanga.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, Atuganile. Kuna nini?"

"Blogu yangu ina hitilafu. Haihesabu wasomaji."

Madamu Sanga akaitazama simu aliyonyooshewa. "Inahesabu vizuri tu. Huyo mmoja ni mimi."

Akamrudishia simu.

"Ulipokuwa ukiandika, ulikuwa unamwambia nani?"

"Nilikuwa nakuambia wewe, Madamu."

"Nami nimesoma. Mwandikia mwalimu, msomaji wake mmoja." Alisema bila ukali, huku akimsogezea kiti. "Nyumbani mnalima nini?"

"Mama analima viazi."

"Vya msimu uliopita vilikujaje?"

Hapo Atuganile akainamisha kichwa. Lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu pale chuoni. Akiwa mwaka wa kwanza, na majivuno yote ya mwaka wa kwanza, alimwambia mama yake aache mbegu zake za siku zote. Akampelekea nyingine alizozinunua gulioni, kubwa, zenye kung'aa. Mistari mizima ilinyauka ingali kijani. Mama aling'oa kimyakimya, hakulaumu hata kwa neno moja, na ukimya ule ndio uliomchoma binti.

Alimweleza Madamu Sanga yote. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ungeliandika hilo, mimi ningepanga foleni kulisoma."

Siku mbili Atuganile alizunguka na jambo lile. Aliogopa wenzake watamcheka: mwanafunzi bora, na ameua shamba la mama yake. Siku ya tatu aliketi maktaba akaandika kama anayemsimulia mama yake mdogo jikoni. Andiko akaliita "Niliua Viazi vya Mama". Alieleza jinsi majani yalivyolegea mchana kama yenye kiu, ilhali udongo ulikuwa mbichi. Akaeleza alichokuja kujifunza baadaye chuoni: ukishuku mnyauko, ugonjwa unaoletwa na mbegu zisizo safi kama zile za gulioni, kata shina, lining'inize katika glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, ugonjwa ndio huo. Ng'oa, na ardhi ile uipumzishe viazi kwa misimu kadhaa, panda mahindi.

Kesho yake waliosoma walikuwa kumi na wanne. Mwisho wa wiki walipita mia mbili. Wale aliowaogopa walimfuata bwenini, lakini si kwa kumcheka. Mmoja alikiri kwamba yeye aliwaua kuku wa baba yake mkubwa kwa kukosea chanjo, wakacheka wote pamoja. Mkulima mmoja wa Uporoto akaandika chini ya andiko: "Binti, nimejaribu kwa glasi ya chai. Uzi umeteremka. Sasa nifanyeje?" Atuganile akajibu. Yaliyomshinda alikimbia nayo kwa mwalimu wa mazao, akarudi na majibu.

Kisha mama yake akapiga simu.

"Atuganile, mtoto wa jirani amenisomea ulichoandika. Umewaambia watu viazi vyangu vilikufa."

"Nisamehe, mama."

"Umeandika mistari tisa. Ilikuwa kumi na mmoja. Rekebisha."

Atuganile akashika mdomo.

"Tena wanawake wa kwaya wamejaa hapa na mashina yao," mama akaendelea. "Glasi zangu zote ziko nje. Mimi ndiye mwalimu wao leo, kwa hiyo sema upesi, maji yabadilishwe kila mara au hapana?"

"Kila shina na maji yake, mama," Atuganile akajibu, akicheka na machozi yakimtoka.

Alama zilipobandikwa, andiko lile lilikuwa limepata saba, kwa sababu lilikuwa na makosa mengi ya tahajia. Lilikuwa andiko lake la alama za chini kuliko yote, na Atuganile aliipiga picha karatasi ile akamtumia mama yake.

Wenzake wakaanza kuambiana maneno ya Madamu Sanga kila mmoja wao alipojitutumua kwa maneno makubwa. Walipohitimu wakaondoka nayo, wakayapeleka mashambani, maofisini na makanisani, hadi yakafika kwa watu wasiojua blogu ni kitu gani. Ndiyo maana Ipyana ameambiwa vile. Mchungaji ni mmoja, na ukumbi mzima utakuwa unasubiri kusikia habari za bibi harusi. Mwandikia mwalimu, msomaji wake mmoja.