Kitambaa cha Sekela

Mwanamke mmoja alikuwa na kompyuta ya ofisi, akaipenda kuliko vyombo vya nyumbani kwake. Aliitwa Sekela, karani wa kituo cha kulea yatima. Mafaili ya zamani yalikuwa yameliwa na mchwa, na yaliyosalia aliyaingiza yeye mwenyewe kwenye kompyuta ile, mtoto mmoja mmoja: nani alimleta, alitoka kijiji gani, mama yake aliitwa nani. Makaratasi mabovu yakachomwa, na majina hayo hayakubaki mahali pengine popote duniani.

Na asiseme mtu kwamba hakuitunza. Kila asubuhi alipangusa kioo mpaka kikang'aa. Alifuma kwa uzi mweupe kitambaa chenye maua, akaifunika nacho mashine hata inapowaka, kama watu wafunikavyo redio ya sebuleni. Wageni waliisifu ofisi yake, naye akavimba kichwa kidogo. Nani asingevimba?

Fundi Asajile alikuja akamwambia kitambaa kinaziba matundu, mashine haipumui. Akataka kuifungua apulize vumbi. Akamletea na diski ya pembeni ya kuwekea nakala, anakili majina yote kila Ijumaa, kisha akaiweke nyumba nyingine. Sekela alimpa chai, akamshukuru sana. Diski akairudisha ndani ya boksi na nailoni yake, isije ikachakaa. Kompyuta ilipomwomba aongeze ulinzi, alibonyeza "Baadaye", na kesho yake akabonyeza tena. Kufungua kitu kizima, aliona, ni kukitafutia ugonjwa. Fundi aliporudi mara ya tatu alimwambia mashine haijambo, aje ikiumwa.

Miaka minne ikapita. Jumatatu moja haikuwaka.

Asajile aliitwa. Alikiondoa kitambaa, akaufungua mgongo wa mashine, na humo ndani vumbi lilikuwa limeshikana kama sufi ya mto. Joto lilikuwa limekaa humo siku zote hizo bila pa kutokea. Diski ya ndani ilikuwa imekufa, na yote yaliyokuwemo yamekufa nayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tusemavyo, lakini ukuta huu haukuwa wa kujengeka tena. Kioo chake bado kiling'aa.

Wiki mbili hazijaisha, akaja Tunu. Alilelewa kituoni hapo, sasa ni mshonaji mjini, na alikuwa anaolewa. Fomu ya ndoa aliyopewa kanisani ilikuwa na mstari wa jina la mama. Alipokuwa mdogo aliwahi kulilia jina hilo, akaambiwa anyamaze, lipo, limehifadhiwa, atapewa akikua. Aliyemwambia hivyo ni Sekela.

Sekela alijitahidi kukumbuka. Alikumbuka mvua ya siku ile Tunu alipoletwa. Alimkumbuka bibi aliyemleta mtoto, na kanga ya kijani aliyomfunga mgongoni, na kikohozi chake. Jina halikuja. Bibi naye alikwisha kufa, na Sekela hakukumbuka hata kijiji. Akaungama yote, nailoni na kitambaa, akalia mbele ya binti yule bila kujificha.

Tunu akaitandaza fomu mezani, juu ya maua meupe ya kitambaa kile, akamsogezea kalamu.

"Basi, mama, andika jina lako wewe. Nimeambiwa wasipoona jina hawaipokei."

Sekela aliandika. Afadhali angetukanwa, tusi lingemuuma kidogo na kupita. Aliandika jina lake pale palipokuwa pa mwanamke mwingine, aliyezaa kwa uchungu na hakubakiwa na kitu duniani ila jina, na sasa hana hata hilo. Tunu akaikunja fomu, akambusu mkono, akaenda kuolewa.

Nawe unayepangusa kioo kila asubuhi, mgongo uliufungua lini?