Ufunguo wa Gari la Mzee Shekiondo

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, zamani ya juzijuzi tu, aliishi Korogwe dereva mstaafu wa shamba la mkonge, Mzee Shekiondo. Alikuwa na mke mmoja, Bi Mwanjaa, na gari moja kuukuu la otomatiki, la rangi ya maziwa. Msiniulize asubuhi alianza kumsalimu nani.

Bi Mwanjaa aliumia nyonga, mabasi ya abiria yakawa hayakaliki kwake. Aliweza kusafiri akijilaza kiti cha nyuma cha gari lile tu. Siku moja zikaja habari kutoka Mlalo, juu milimani: "Mama yako ameacha kula. Anakutaja wewe tu."

Nalo gari siku hiyohiyo likagoma. Ukiweka gia, injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Chini, dimbwi la mafuta mekundu. Fundi wa kwanza akatikisa kichwa: "Giaboksi imekufa, Mzee. Liuze kama chuma chakavu."

Bi Mwanjaa akalia, jamani, akalia kama mtoto. Mzee akaapa mbele ya majirani: "Atakayeliwezesha gari hili limfikishe mke wangu kwa mama yake, gari ni lake!"

Akaja Mbelwa, fundi wa kutembea, sanduku la spana kichwani. Akalala chini ya gari, akalifuta tumbo lote kwa kitambaa, akalipaka unga wa sembe. "Washa, Mzee." Wakasubiri. Unga ukabaki mweupe, mweupe, mweupe. Mahali pamoja ukawa mwekundu.

"Giaboksi nzima kabisa!" Mbelwa akapiga kelele. "Ni paipu hii, inayopeleka mafuta kwenye rejeta yakapoe. Kutu imeila. Lakini mpya sina, na madukani haipo."

Akaja Bi Kidawa, fundi wa mafriji. Ilikuwa wiki ya Idi, mafriji ya watu yamejaa uani kwake. Akayaacha. Akang'oa paipu ya breki ya lori bovu, akaikunja kona kwa kona kwa vifaa vyake vya mafriji, akaipanua midomo, akaifunga kwa nati. Wakajaza mafuta. Gari likaenda!

"Baba," Bi Kidawa akamwambia Mzee, "nati hii imetosha. Usiiguse."

Lakini madereva wa mkonge walifundishwa jambo moja tangu ujana: kabla ya safari, gusa kila nati, ikaze kidogo. Alfajiri Mzee akaingia uvunguni na spana. Nati ya kwanza, kidogo. Nati ya pili, kidogo. Na ile nati nayo, kidogo. Mazoea yana taabu.

Kwenye kona za juu ya Mombo, paipu ikapasuka nyuma ya nati ileile. Mafuta yakamwagika barabarani, gari likasimama. Bi Mwanjaa akasema kutoka kiti cha nyuma, "Shekiondo, nirudishe tu. Mungu hakupanga."

Ndipo alipoteremka Ngereza, mkulima, na pikapu yake ya otomatiki imejaa kabichi za sokoni. Akaelezwa, hakuuliza mara mbili. Akakata kipande kilichopasuka, akachomoa mpira wa mafuta wa pikapu yake mwenyewe, akaunga kwa klipu mbili. Akakinga mafuta ya giaboksi yake kwenye ndoo, akawamiminia.

"Nendeni. Mgonjwa hangoji, kabichi zitangoja." Hazikungoja. Zilioza palepale.

Gari likafika Mlalo. Mama akampapasa bintiye usoni, akasema, "Mwanjaa, umenenepa." Wakacheka, wakalia. Siku tatu Bi Mwanjaa akamlisha mama yake uji kwa mkono wake, na mama akala. Siku ya nne mama akafariki.

Mbelwa, Bi Kidawa na Ngereza, wote watatu walikwenda kuhani msiba. Matanga yalipokwisha, Mzee akatoa ufunguo.

Mbelwa akasema, "Bila mimi mngeliuza kwa kilo. Miaka kumi na miwili nabeba sanduku hili kichwani, shingo imekwisha."

"Kaka yangu, ugonjwa uliujua, dawa ulikuwa nayo?" akasema Bi Kidawa. "Mama yangu alifia Handeni, mimi nahangaika na friji la mtu. Nilifika kaburi limeshaota majani. Baba yangu bado yuko kule. Sitaki kuchelewa tena."

"Pole, dada," akasema Ngereza. "Lakini paipu yako haikumaliza kona. Mimi watu hawa sikuwajua hata kwa jina. Kabichi zimeoza, na pikapu yangu mpaka leo imewekewa mawe magurudumuni."

"Paipu yangu haikuharibika. Iliharibiwa!"

Mzee akainamisha kichwa. "Niliikaza mimi. Kidawa alinikataza. Ngereza aliteseka kwa kosa langu, si la Kidawa. Basi mwenye kosa atahukumuje?" Akamwekea mkewe ufunguo mkononi.

Bi Mwanjaa akawatazama, machozi yakamlengalenga. "Siku tatu zile na mama yangu mmenipa ninyi nyote," akasema. "Na gari ni moja."

Haya, ninyi mnaokunywa chai yangu, na wewe pale unayejifanya unasinzia, nijibuni. Mkono wa Bi Mwanjaa umenyooka, ufunguo uko kwenye vidole. Ungekuwa wewe, ungeuweka kwenye kiganja cha nani?