Firigisi Moja ya Krismasi

Hapo zamani, tena si zamani ya kusahaulika, milimani Upareni aliishi Aikande na binti yake Nakiete, pamoja na mama mkwe wake ambaye wote walimwita Bibi. Mume wa Aikande, Kundaeli, alikuwa amekwenda Mererani kuchimba mawe ya thamani. Krismasi ya kwanza hakurudi. Ya pili hakurudi. Lakini kila Desemba Aikande alipaka ukuta chokaa, akafua mashuka, akatafuta cha kupika. Alitaka Kundaeli akija aikute nyumba inayomsubiri, asiikute nyumba iliyomkatia tamaa.

Mwaka huo ugonjwa wa mdondo ulimaliza kuku wote, na maharage yakakauka shambani. Krismasi ilikuwa inakuja, na mkononi hamna kitu.

Wakapita mabinti wa mikopo, ile ambayo watu wanaiita kausha damu. Unachukua leo, unarejesha kila wiki, ukichelewa wanabeba vyombo. Aikande akakubali. Mabinti wakaingia ndani kuandika vitu vya rehani: kabati, redio, kitanda. Kwenye kitanda wakamkuta Bibi amekaa katikati, fimbo magotini.

"Andikeni," akasema, "ila siku mkija kukibeba, mtakibeba na mimi."

Wakamwomba ashuke. Hakushuka. Wakamwomba kwa heshima zote. Hakushuka. Wakaondoka na karatasi zao, mkopo hawakutoa. Aikande alilia sana, na kwa siku kadhaa akawa anampa Bibi chakula bila kumtazama usoni.

Krismasi ilikuwa inakuja, na mkononi bado hamna kitu.

Sasa, Aikande alikuwa kwenye mchezo na wanawake wenzake: kila mwezi wanachanga, mmoja anapokea. Zamu ya Desemba ndiyo kila mtu anaitamani, kwa hiyo huipigia kura. Mwaka huo ilimwangukia jirani yake, Mama Sifaeli, naye alikwisha kupanga kwenda Singida kumwona mama yake mzazi, ambaye hakuwa amemwona tangu aolewe. Akamkuta Aikande bombani, ameinamia ndoo. Akamuuliza, akaambiwa yote. Ndoo ikajaa, akafunga bomba.

"Chukua Desemba yangu, mama Nakiete," akasema. "Mimi nitachukua Machi yako. Mimi na mama yangu tumezoea kukumbukana tu."

Pesa ikanunua mchele, mafuta na viungo. Iliyobaki ilitosha kitambaa cha gauni la Nakiete au jogoo, si vyote viwili, maana Krismasi ikikaribia jogoo naye anapanda bei. Nakiete akakishika kitambaa cha maua ya njano, akakipapasa, akakirudisha mezani.

"La mwaka jana bado linanitosha, mama. Tununue jogoo. Baba anapenda jogoo."

Halikumtosha. Siku ya Krismasi alikwenda kanisani na sweta juu ya gauni, jua likiwaka, ili watoto wenzake wasione vifungo vya mgongoni vilivyoshindwa kufika. Jasho lilimtiririka, na sweta hakulivua mpaka ibada ikaisha.

Mchana wakaketi kula, na Mama Sifaeli akaalikwa. Nanyi mnajua, jogoo ana firigisi moja tu, na firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Krismasi zilizopita Aikande aliiweka kwenye kibakuli, akaifunika, akaitazama njia mpaka giza likaingia. Asubuhi aliila mwenyewe jikoni, imeganda mafuta, uso ameugeuzia ukutani.

Safari hii, alipochukua kibakuli, Bibi akamshika mkono.

"Yule ni mwanangu, nami namtamani kama wewe. Lakini leo iliwe ingali moto. Ale aliyetuletea Krismasi hii."

"Basi nipe mimi," Mama Sifaeli akatania. "Mimi nimetoa Desemba yangu. Wewe Bibi umetoa nini? Ulikaa tu kitandani."

"Kukaa ni kazi. Hebu jaribu wewe kukaa wakati mkwe wako analia mbele yako. Ningeshuka, leo tungeshiba, na Januari tungelala chini."

Wakacheka, hata Aikande. Kisha Mama Sifaeli akaacha utani. Akasema yeye na Bibi ni watu wazima, kukosa wamekuzoea. Lakini mtoto aliyevumilia sweta juani ili baba yake apikiwe jogoo, huyo hapaswi kurukwa.

Wote wakamtazama Nakiete. Nakiete alikuwa anatazama mlangoni.

"Na baba akija jioni," akauliza, "tutamwambia nani ameila?"

Aikande akabaki amesimama, upawa mkononi, mvuke ukimpanda usoni. Akimpa yeyote kati ya hawa, amekiri kwamba Kundaeli haji. Akiifunika, amewapita watu waliopo kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Haya, ninyi mliosikia, msaidieni mama wa watu kabla chakula hakijapoa. Yuko aliyekataa kushuka kitandani. Yuko aliyeachia safari ya kwa mama yake. Yuko aliyerudisha kitambaa cha maua ya njano. Na yuko anayetazamiwa.

Je, nani alistahili firigisi ile?