Bata Aliyewalisha Wanawe Changarawe

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema paukwa, na wewe unayetafuna muhogo huko nyuma!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kuku walipokuwa wakisema nasi tukawaelewa, palikuwa na uwanja nyuma ya jiko la Bi Zamda. Kuku mmoja akaangua vifaranga watano. Siku ya tatu mwewe akashuka, fyuu! Akamnyakua mama mtu, akaenda zake. Vifaranga wakabaki, pio, pio, pio.

Uwanjani hapo alikuwepo Bata. Hakuwa na mtoto. Akatandaza mbawa akasema, "Ingieni, wanangu." Wakaingia wote watano.

Kila asubuhi Bi Zamda anamwaga chenga za mchele. Bata anazichovya majini, chap, chap, anawalisha mmoja mmoja. Mdogo wao, Kishungi, alilishwa wa mwisho ili apate na tonge la ziada. Wakanenepa. Jamani, huyu Bata nampenda. Mimi nililelewa na mama wa kambo, najua ninachosema.

Wiki zikapita. Manyoya laini yakapukutika, ya kikubwa yakaota. Bi Zamda akabadili chakula, akawa anamwaga mahindi ya kuparaza, yaliyovunjwavunjwa. Bata akaendelea kulowesha. Na vifaranga wakidonoa changarawe, anakuja mbio. "Kwaa! Tema! Wanangu hawali mawe!"

Kanga, jirani yao, akamwambia, "Shoga, waache. Sisi hatuna meno. Changarawe ndizo zinazotusagia chakula kwenye firigisi."

"Usinifundishe kulea," Bata akajibu. "Ungekuwa unajua mambo, ungekuwa na manyoya kichwani!"

Kanga akaenda zake.

Basi siku moja Bi Zamda anatwanga mahindi, twi, twi, twi. Punje nzima nzima zikaruka nje ya kinu. Kishungi akazidaka. Moja, mbili, kumi. Kesho yake tumbo gumu, macho kayafumba, hali wala hanywi. Kesho kutwa hasimami.

Bata akalia, kwaa, kwaa. Akamloweshea pumba, hataki. Akamloweshea chenga, hataki. Mwisho akainuka, akaenda kwa Kanga, shingo chini.

"Kanga, nilikutukana. Mwanangu anakufa. Nisaidie."

Kanga angeweza kumcheka. Hakumcheka. Akasema, "Mpe maji, tone tone. Kisha changarawe, zile ndogo ndogo, umchagulie mwenyewe."

Bata akaenda kuzichagua. Kumlisha mwana mawe! Akameza moja yeye kwanza, mbele ya mwanawe. "Mama kala. Nawe kula."

Kishungi akafumbua jicho moja. Akameza. Maji. Changarawe. Maji. Changarawe. Kutwa nzima. Mara tumboni, krr, krr, krr! Asubuhi yake, chwaa! Msicheke. Bata ndiye aliyecheka, akalia, akacheka tena. Kishungi akasimama akasema, "Mama, njaa."

"Nenda kadonoe," Bata akasema. "Uwanja wote wako."

Kishungi akakua, akawa tembe, akataga, akaangua vifaranga wake saba. Kuku wenzake wakaja kumpongeza. Wakamuuliza, "Nani atawaonjesha chakula cha kwanza?"

"Mama yangu."

Wakacheka. "Yule bata?"

"Yule yule. Alinilisha chenga nilipokuwa mdogo, akanilisha mawe nilipokua, na mawe yenyewe alikuwa akiyaogopa. Ahsante yangu kwake haina mwisho."

Bata akaja polepole, mzee sasa. Akachovya chenga majini, chap, chap. Wale saba wakafungua midomo.

Funzo lake nalisema wazi. Mtoto mpe chakula cha umri wake, na usipojua, uliza, hata kwa uliyemtukana. Nawe uliyelishwa ukakua, mshukuru aliyekulisha, awe wa damu yako au asiwe.

Hadithi yangu naitua hapo. Inukeni sasa, mkamwambie ahsante aliyewapikia leo.