Mbege Iliyotemwa Mgombani

Hapo zamani, si zile zamani za wanyama kusema, bali hizi za karibuni, barabara ya mlimani ikiwa imeshatiwa lami na askari wameshapewa mashine ya kupima pumzi, aliishi Uchagani dereva mmoja aitwaye Aikaeli.

Aikaeli aliendesha gari la wagonjwa la zahanati. Kijiji kizima kilikuwa na gari hilo moja, na gari hilo lilikuwa na dereva huyo mmoja. Hakuwa mnywaji. Mdogo wake aligongwa na lori la mlevi, na tangu siku ya mazishi Aikaeli hakumeza tone. Zahanati nayo ilikuwa na sharti, limebandikwa ukutani juu ya msumari wa funguo: dereva atakayeandikwa na polisi kuwa amelewa, hata mara moja, hatashika funguo hizi tena. Karatasi hiyo aliibandika Aikaeli mwenyewe, kwa gundi yake.

Ikaja siku ya posa. Mpwa wake, mtoto wa dada yake mjane Ndeanasia, alikuwa akiposa kwa Mzee Ndekirwa. Baba wa kijana hayupo, kwa hiyo mjomba ndiye aliyepaswa kupeleka mbege, pombe ya ndizi. Aikaeli akaazima pikapu ya jirani, akapakia madumu manne, akaenda.

Kwa watu wale, aliyeleta mbege huonja kwanza, mbele ya wakwe, wote wakimwona. Akishaonja, kata hupita kwa wengine na posa inakubaliwa. Asipoonja, hakuna posa. Ni kama ameleta maji ya kunawa.

Mzee Ndekirwa akachota mbege, akanyoosha kata.

"Onja, mkwe."

"Mzee wangu, mimi ni dereva, na nina safari saa saba. Aonje dada yangu."

"Dada yako ndiye aliyeileta?"

"Nimeileta mimi."

"Basi onja wewe. Au humo ndani kuna kitu tusichokijua?"

Wakwe wakacheka, lakini macho yao hayakucheka. Ndeanasia akamtazama kaka yake, mikono ameikunja mapajani, kama mtu anayesubiri hukumu. Aikaeli akapokea kata, akajaza mdomo, akashusha kata. Vigelegele vikapigwa. Yeye akaondoka taratibu, mashavu yamejaa, kama mtu anayekwenda kujisaidia. Akazunguka nyumba, akatema yote mgombani. Hakumeza.

Angesukutua maji, hadithi ingeishia hapo. Lakini Mwalimu Nsia alikuwa ameshapanda kwenye pikapu, mkoba mapajani. Mwalimu Nsia alikuwa amefundisha nusu ya kijiji kile mpaka akastaafu, na sasa macho yake yalikuwa yamefunga ukungu. Madaktari wa macho kutoka mbali walikuwa wamekuja hospitali ya wilaya kwa wiki moja. Siku ile ilikuwa ya mwisho, namba yake ilikuwa ya saa nane mchana, na aliyekuwa amemwahidi kumfikisha ni Aikaeli.

"Twende, mwanangu," alisema. "Mimi nikichelewa leo, nitawatambua kwa sauti tu mpaka mwakani."

Wakaenda. Dakika tano tu, wakafika darajani, na darajani palikuwa na askari wawili: Sajenti Mbwilo, mwanamume mwenye sauti ya chini, na Konstebo Sikudhani, binti wa Tanga aliyebeba boksi la mashine.

"Puliza hapa, dereva."

Aikaeli akapuliza. Mashine ikalia. Sajenti akaitazama, akakunja uso.

"Umelewa, mangi," alisema, kama wageni wanavyowaita wanaume wa Uchagani.

"Naomba nione kilichoandikwa, afande."

"Uone ili iweje? Mashine imeshaona."

Akachukua funguo, akachukua leseni, akafungua kitabu cha makosa. Hakuomba chochote, na hilo ndilo lililomtisha Aikaeli. Askari anayetaka kitu huzungukazunguka. Huyu alikuwa na uhakika.

"Mwezi uliopita nilimwachia mtu hapa hapa," alisema sajenti huku akiandika. "Alizungumza vizuri, kama wewe. Akafika kona ya tatu. Nilizoa watoto wawili kwa mikono hii. Simwachii mtu tena."

Aikaeli alitaka kumwambia, ndugu yangu, mimi na wewe tunalilia jambo moja. Lakini kalamu ilikuwa inakwenda. Aliiona ikiandika A ya jina lake, akauona na ule msumari wa zahanati ukiwa mtupu, na mama mwenye uchungu wa kuzaa akishushwa mlimani kwa machela.

Akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu watu wa ukoo wa wakwe walikuwa wakipita darajani kwenda kwenye posa, "Afande, nilitia mdomoni tu. Sikumeza. Niliitema."

"Wote huwa mnatema. Nikiwasikiliza ninyi, mbege yote ya mlima huu inanywewa na migomba."

"Basi nipeleke hospitali nikapimwe damu."

"Kwa gari gani? Ita gari la wagonjwa."

"Gari la wagonjwa naliendesha mimi."

Sajenti akaendelea kuandika.

Ndipo mlango wa pikapu ulipofunguka, Mwalimu Nsia akashuka akipapasa ubavu wa gari.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Konstebo Sikudhani, maana mwalimu hujulikana hata na asiyefundishwa naye.

"Marahaba, binti. Hiyo mashine ilikuja ndani ya boksi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na boksi lina karatasi ya maelekezo?"

"Imebandikwa ndani ya kifuniko."

"Sajenti, mimi sioni vizuri. Nisomee."

"Mama, usiingilie kazi."

"Siingilii. Naomba kusomewa. Au na wewe tukupeleke kwa daktari wa macho?"

Sajenti akavuta kifuniko, akasoma kimya.

"Kwa sauti, baba. Darasani kwangu hakuna aliyesoma tumboni."

Basi akasoma. Karatasi ilisema hivi: kama mtu ametia kileo mdomoni muda mfupi kabla ya kupimwa, asubiriwe dakika kumi na tano, asile wala asinywe, kisha apimwe tena kwa mrija mpya. Aonyeshwe matokeo. Asiporidhika, ana haki ya kupimwa damu.

"Rudia hapo pa haki."

"Nimeshasoma, mama."

"Umesoma. Hujarudia."

Sajenti akafunga kifuniko. "Hayo ni ya aliyetema. Huyu amekunywa. Nani shahidi yake? Na wewe, mama, ukiendelea nitakuandika kwa kuzuia kazi ya polisi."

Mwalimu Nsia akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu. "Niandike. Jina langu lina herufi nne, halitakuchosha."

Gari dogo likasimama, mtu mmoja akamwita, mwalimu, njoo nikufikishe hospitali. Saa ilikuwa saba na nusu. Mwalimu akageuza uso kuielekea sauti ile.

"Nenda salama, baba," alisema. "Mimi nina mwanafunzi wangu hapa." Na gari likaenda.

Habari mlimani hukimbia kuliko magari. Haukupita muda, Mzee Ndekirwa akatokea kwa njia ya mkato, anahema, na ile kata bado iko mkononi. Alikuwa ameambiwa: mkwe wako ameshikwa darajani, amelewa mbege yako. Watu wa ukoo wake walikuwa wamesimama pale wakitazama. Mzee akawaona. Alisimama kidogo, kisha akasogea mpaka mbele ya sajenti.

"Huyu hajanywa. Nilimfuata, nikasimama nyuma ya zizi la ng'ombe. Nilimwona akitema mgombani, yote, mpaka ya mwisho."

"Unasema nini, mzee?" aliuliza mmoja wa ukoo. "Basi hakuonja."

"Hakuonja."

"Basi hakuna posa."

Mzee alikuwa amekwisha kuliona neno hilo tangu kule zizini, na ndiyo maana alikuwa amenyamaza. Nyumbani binti yake alikuwa ameketi, amevishwa, amepakwa mafuta.

"Hakuna posa," alisema.

Sajenti Mbwilo akatazama saa yake. Dakika kumi na tano zilikuwa zimetimia, na zaidi. Akachukua mashine, akamsogezea Aikaeli mdomoni. Aikaeli akavuta pumzi.

"Afande," alisema Konstebo Sikudhani, "mrija huo haukubadilishwa."

"Unasema?"

"Tangu asubuhi. Kabla ya huyu walipuliza watu sita kwenye mrija huo huo. Wa sita alinuka gongo mpaka mimi nikageuza uso."

Akatia mkono mfukoni, akatoa mrija mpya ndani ya plastiki yake, akauchana mbele ya watu wote.

"Kumbe mrija mpya mlikuwa nao?" aliuliza Aikaeli.

"Tunayo mirija boksi zima. Tuliambiwa tuibanie."

Aikaeli akapuliza. Mashine haikulia. Safari hii sajenti mwenyewe aligeuza kioo cha mashine, akamwonyesha. Sifuri. Akachana ukurasa, akarudisha leseni, akarudisha funguo, akasema, "Nenda."

Pole hakusema. Samahani hakusema. Aikaeli alikwisha kushika mlango wa gari, lakini mguu ulikataa kupanda.

"Na wale sita, afande?"

"Hao wameshaandikwa," alisema sajenti, akageukia barabara kusimamisha gari jingine.

Basi sikilizeni kilichofuata. Mwalimu Nsia alifikishwa hospitali saa tisa na robo. Madaktari walikuwa wamefunga masanduku yao, mhudumu anafagia chumba. Binti wa Mzee Ndekirwa alivuliwa nguo za posa siku ile ile, ukoo ukasema tendo hilo halirudiwi mpaka mwaka upite. Na Konstebo Sikudhani, ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kurudishwa Tanga kwa mama yake mgonjwa, aliamka Jumatatu akakuta orodha mpya, na jina lake halimo. Alipangiwa kituo cha mbali zaidi.

Msumari wa zahanati ulibaki na funguo zake. Jumamosi iliyofuata Aikaeli akachinja mbuzi kushukuru. Na Uchagani mbuzi ana mpangilio wake. Kidari hupewa mtu mmoja, yule aliyekutendea jambo kubwa. Hakikatwi mara mbili, kwani kukigawa ni kusema hakuna aliyetenda la kutosha. Aikaeli akakiweka juu ya jani la mgomba, akasimama nalo mbele ya wageni watatu.

"Nitasema mwenyewe," alianza Mwalimu Nsia, "nikinyamaza mtasema nimezeeka. Ile haki ilikuwa imelala kwenye kifuniko. Nani aliiamsha? Bila mimi dakika kumi na tano zisingesubiriwa na mtu. Nimetoa macho yangu, na gari la kunipeleka lilisimama mbele yangu."

"Karatasi bila shahidi ingebaki karatasi, mwalimu," alisema Mzee Ndekirwa. "Sajenti aliisoma, akaifunga. Ni mimi niliyempa neno asiloweza kulifunga. Nimevunja posa ya mwanangu kwa mdomo wangu, ukoo ukisikia."

Ndeanasia hakuvumilia. "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini kata ile ilinyooshwa na nani? Alikwambia ni dereva. Alikwambia nionje mimi. Humtumbukizi mtu mtoni kisha ukadai shukrani kwa kumvuta."

"Ni kweli nilimtumbukiza," alisema mzee. "Lakini wenzangu wengi hutumbukiza, dada. Umewaona wangapi wakifuata mpaka darajani?"

Hapo akasema Sikudhani, ambaye safari yake ya kituo kipya ilikuwa kesho yake. "Wazee wangu, nisameheni. Karatasi ilisomwa, shahidi alikuja, na bado mrija ulikuwa uleule. Angepuliza, ukalia mara ya pili, nani tena angemsikiliza? Karatasi yenyewe ingemtia hatiani. Mimi nilisema mbele ya afande wangu mwenyewe. Nimempoteza mama yangu akiwa hai."

Mwalimu Nsia akageuza uso kuielekea sauti hiyo, taratibu, kama alivyokuwa akigeuka darasani.

"Na wale sita, binti. Mrija mpya ulikuwa mfukoni?"

"Ulikuwa mfukoni, mwalimu."

"Uliwatolea?"

"Sikuwatolea. Nilikuwa naiogopa ile orodha."

Aikaeli alihisi ile hasira iliyomzuia kupanda gari pale darajani ikimrudia, na hakujua aielekeze wapi. Aliwafikiria wale sita asiowajua majina. Labda mmoja alikuwa mlevi kweli. Labda wengine walikwenda nyumbani wameandikwa kwa kosa lisilo lao, bila mwalimu kwenye kiti cha mbele, bila mzee nyuma ya zizi, na wake zao wakawauliza, hivi kweli wewe unakunywa?

Jani la mgomba lilikuwa likimlemea mikononi.

Haya, ninyi mliosikiliza, mmeyapata kama yalivyokuwa, na nyama inapoa. Yupo mwalimu aliyeifumbua sheria akayafumba macho yake. Yupo mzee aliyenyoosha kata, kisha akaivunja posa ya mwanawe ili kulifuta kosa hilo. Yupo konstebo aliyenyamaza mara sita, akasema mara ya saba. Msimwambie Aikaeli akigawe, hakigawanywi.

Je, nani alistahili kidari?