Mtungi wa Zimwi

"Mpo?" "Tupo!" "Masikio?" "Yako wazi!" Basi nyamazeni, maana hadithi hii naijua mimi peke yangu.

Zimwi lilimnyakua Shekue siku ya harusi yake, likamfungia ndani ya mtungi wa uchawi. Bibi harusi, Mwanamkuu mfinyanzi, akalifuata mpaka pangoni.

"Uvunje, umchukue," Zimwi likacheka. "Ukishindwa, namla kwa pilipili."

Mwanamkuu akaupiga jiwe, jiwe likapasuka. Akaupiga shoka, shoka likapinda. Zimwi likaanza kutwanga pilipili.

Ndipo akakumbuka kazi yake. Kila chungu alikigonga kwa kidole kabla ya kukiuza, na kila kimoja kililia sauti yake. Akaugonga mtungi: nguuu! Akaimba kwa sauti nyembamba, mtungi kimya. Akaimba kwa sauti nene, kimya. Akaimba nguuu ile ile, mtungi ukaitikia wenyewe!

"Mke wangu, humu kunatetemeka!" Shekue akapiga kelele.

"Ziba masikio, bwana!"

Akashikilia sauti ile ile, kama mtu anayesukuma bembea, kila msukumo kwa wakati wake. Mtungi ukatetemeka, ukatetemeka, ukatetemeka, paa! Vigae vitupu, na Shekue huyo, mzima!

Zimwi likabaki mdomo wazi. Mwanamkuu akaligonga tumbo kwa kidole.

"Na hili, babu, linalia sauti gani?"

Weee! Zimwi lilitimua mbio, na mpaka leo halijarudi kuchukua pilipili yake. Tuliitia kwenye pilau ya harusi, nami nilikula sahani tatu. Anayebisha aligonge tumbo langu asikie.