Siwatu na Kasuku wa Dunguni

Paukwa!
Pakawa!
Shamba?
La mwenye jembe!
Kilio?
Cha aliyefikwa!
Haya, tulieni. Na wewe unayetafuna, meza kwanza.

Hapo kale aliondokea mjane, jina lake Siwatu. Mume hana, mwana hana, ana mtama wake tu. Ulipokomaa, kasuku wakashuka, kijani na manjano, kelele tupu! Wanakula, wanamwaga, wanacheka. Siwatu akapanda dunguni, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba. Akirusha jiwe huku, wanatua kule.

Sasa, kasuku wana desturi yao. Mwenzao akianguka hawamwachi, watamzunguka na kumlilia hata wafe naye. Siwatu akalijua hilo. Akanasa mmoja, akamfunga mguu dunguni, akamfinya. "Lia wee! Lia, wenzako waje!" Akalia. Wenzake wakaja. Siwatu akawatwanga kwa fimbo. Siku ya kwanza kumi. Ya pili kumi. Ya tatu, jamani, hata sisemi.

Siku moja kasuku yule aliyefungwa akamng'ata kidole, Siwatu akapiga yowe: "Yalaa! Nakufa, jamani!" Ndege akainamisha kichwa, akasikiliza. Kesho yake akaita, sauti ile ile ya Siwatu: "Yalaa! Nakufa, jamani!"

Jirani yake, Machano, akaja mbio na panga, watu nyuma yake. Wakamkuta Siwatu anacheka hana mbavu.

"Ni ndege huyo!"

"Mfungue, dada. Utakuja kujuta."

"Nimfungue? Na mtama wangu je?"

Mara ya pili wakaja, akacheka. Mara ya tatu wakaja, akacheka. Machano akatema mate chini, akaenda zake.

Basi kamba za dungu zikaoza. Likaporomoka lote, gogo likamlalia Siwatu kiunoni. "Yalaa! Nakufa, jamani!"

Machano alikuwa njiani. Akasikia. "Kasuku wa Siwatu huyo," akasema, akakaza mwendo. Siwatu alipokumbuka kumwita kwa jina, Machano keshavuka kijito.

Kasuku, bado kafungwa, akamtazama kwa jicho moja. "Lia wee! Lia, wenzako waje!"

Siwatu akalia. Akalia hata sauti ikamkauka. Wenzake hawakuja.

Wa kasuku walikuja, wale wachache waliobaki. Wakaitafuna ile kamba ya mguuni uzi kwa uzi, wakamchukua ndugu yao. Kisha wakaushukia mtama, wakala, na Siwatu anawaona.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, gawaneni pia, mimi nimeila peke yangu siku nyingi.